Maono Yaliyoandikwa kwa Siku Mbili

Wamarekani wana desturi moja ambayo kwetu haina jina lililozoeleka. Wanachuo wa kike hujiunga katika vyama viitwavyo sororiti, maana yake udugu wa kike, na kila chama huwa na herufi za Kigiriki kuwa ndilo jina lake, rangi zake, nyimbo zake, viapo vyake, na uongozi unaochaguliwa mara kwa mara katika kila tawi. Viongozi wapya wakisha kuchaguliwa hupelekwa mahali pa faragha, aghalabu kambi iliyo msituni au kando ya ziwa, wakae huko siku mbili tatu wakifundishwe kuongoza. Humo ndimo kila mmoja anapotakiwa kuandika maono yake binafsi. Wakatoliki wa kwetu pengine wangesema hayo ni mafungo, ila katika mafungo mtu hunyamaza, na huko, kwa kadiri nilivyoelewa, watu husema sana.

Nimepata kukisoma kijitabu kinachotumika katika mkutano wa namna hiyo. Aliyenipa ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa, anayesomea uuguzi huko Marekani, ambaye mwaka jana alichaguliwa kuwa mlezi wa wanachama wapya katika tawi lake. Alipokuja likizo alinikabidhi kwa mikono miwili akasema, "Babu, umesahihisha insha za watu miaka arobaini. Nisahihishie na hii." Kijitabu kina kurasa 36. Alichotaka kisahihishwe kilikuwa ukurasa wa 29, ambao una mistari minne mitupu na maneno yasemayo: andika hapa maono ya maisha yako. Mimi nikakisoma chote, kalamu nyekundu mkononi, kwa kuwa huwezi kusahihisha jibu kabla ya kulisoma swali. Chama chenyewe sikitaji, wala hakuna haja. Vijitabu vya aina hii hufanana kama sare za shule.

Nianze na neno lenyewe, maana mwalimu wa lugha hawezi kulipita. Kiswahili chetu kimehangaika nalo. Tanzania tulisema Dira ya Taifa ya Maendeleo 2025, na Julai 2025 tukazindua nyingine ya 2050. Wakenya, mwaka 2008, walileta Ruwaza ya 2030. Makanisani husema maono. Wazee wangu wangesema njozi, na wangekuwa na shaka kidogo, kwa kuwa njozi humjia mtu aliyelala. Katika maneno haya yote mimi napenda dira, na sababu yangu ni ya pwani. Dira ya nahodha haimwambii aendako. Inamwonyesha kaskazini tu, na kazi ya kujua bandari iko wapi, na mwamba uko wapi, inabaki juu yake. Kijitabu hiki kinamwahidi msichana wa miaka 20 kwamba akikaa kimya dakika 25 ataiona bandari. Hilo ni jambo zito kuliahidi kwa dakika 25.

Mazoezi yenyewe hayakuzuka juzi. Mtindo wa kuwatoa watu mahali pao pa kazi na kuwaketisha kwa duara ili wajitazame wenyewe ulipata nguvu mwaka 1947 katika mji mdogo wa Bethel, jimbo la Maine, kutokana na mawazo ya Kurt Lewin, Myahudi aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler, ambaye alifariki miezi michache kabla ya mkutano wa kwanza. Mwaka 1986 chama cha wanachuo wa kiume kiitwacho Alpha Tau Omega kilianzisha mafunzo ya uongozi ya LeaderShape, ambamo kila mshiriki huandika maono yake, na mafunzo hayo yakaenea katika vyuo vingi. Mwaka 1989 Stephen Covey alitoa kitabu chake juu ya tabia saba za watu wenye kufanikiwa, na mwaka uliofuata Peter Senge akatoa chake juu ya mashirika yanayojifunza. Ukivijua vitabu hivyo viwili, kijitabu cha mjukuu wangu hakitakushangaza hata kwa ukurasa mmoja. Kimechota huku na huku, na kama ilivyo kawaida ya wachotaji, kilichomwagika njiani ni kingi.

Lakini nisiwe mkali kabla ya kutoa haki. Yako mambo mazuri. Kumpa kijana saa nzima bila simu, na karatasi, na kumwambia aandike kwa mkono wake kitu ambacho hakitatiwa alama, ni neema ambayo shule zetu nyingi hazijawahi kuitoa. Tena ukurasa wa 31 unamtaka ayasome maono yake kwa sauti mbele ya wenzake watatu, nao wamuulize maswali matatu bila kumsifu. Zoezi hilo ni la maana sana. Mtu akijisomea maneno yake kwa sauti husikia yalipo matupu. Laiti lingepewa robo ya muda waliopewa wa kukata picha katika magazeti na kuzibandika kwenye kadibodi! Katika picha za kadibodi ya mjukuu wangu niliona nyumba, ndege, mwanamke aliyevaa koti jeupe, na bahari isiyokuwa ya kwetu.

Zoezi lililonitatiza zaidi ni lile la mazishi. Linatoka kwa Covey. Unaambiwa ufumbe macho, uingie ukumbini, ulione jeneza, utambue kwamba aliyelala humo ni wewe, kisha usikilize watakayoyasema ndugu, rafiki, na wafanyakazi wenzako. Kutokana na hayo utajua unataka kuishi vipi. Msomaji, mimi nimekuwa mkuu wa shule, na mkuu wa shule kijijini ndiye msoma wasifu wa marehemu. Nimesoma mwingi. Katika hizo karatasi zote sijakutana na marehemu aliyekuwa mchoyo, wala mgomvi, wala aliyekimbia deni la duka. Wote walikuwa watu wa watu. Wote walipenda wageni. Mtu akijitungia wasifu wa namna hiyo akiwa na miaka 20 atapata orodha ya sifa, na sifa si kazi. Zaidi ya hayo, zoezi linamzoeza kujitazama kwa macho ya wanaomsifu, ilhali mambo mengi yenye thamani ambayo kiongozi hufanya ni yale yanayomkosesha sifa kwa muda, wakati mwingine kwa muda mrefu.

Ukurasa wa 12 una kisa ambacho nimekiwekea mkasi mkubwa wa wino. Kinasema kwamba wahitimu wa Chuo Kikuu cha Yale wa mwaka 1953 waliulizwa kama wana malengo yaliyoandikwa. Asilimia 3 tu walikuwa nayo. Na baada ya miaka 20 hao asilimia 3 walikuwa na mali kuwashinda wote waliobaki kwa pamoja. Kisa hiki kimezunguka dunia nzima, nami nimekisikia hata katika semina za walimu. Hakikutokea. Gazeti la Fast Company lilikifuatilia mwaka 1996, na huko Yale kwenyewe hakukupatikana utafiti wa namna hiyo. Ni ajabu kwamba watu wanaowafundisha vijana ukweli wa nafsi huanza na hadithi ambayo hawakuiulizia. Hata kama ingekuwa kweli, tazama kipimo chake: mali. Chama kinachojiita udugu kinamthibitishia mwanachama faida ya maono kwa hesabu ya benki.

Utafiti wa kweli upo, na unasema jambo tofauti. Gabriele Oettingen, mwanasaikolojia Mjerumani, pamoja na Thomas Wadden, walieleza mwaka 1991 habari za wanawake waliokuwa wakipunguza uzito. Wale waliojichora akilini wakiwa tayari wamekonda na kupendeza walipungua kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2002 alitoa matokeo mengine kuhusu wanachuo waliokuwa wakitafuta kazi. Walioota sana ndoto tamu za kazi walipata nafasi chache na mishahara midogo kuliko wenzao. Yaani akili ikisha kuonjeshwa ushindi, hulegea. Alichoona kinafaa ni mtu kuweka matumaini yake upande mmoja, na upande wa pili kikwazo kinachomkabili, akivitazama vyote viwili pamoja. Na Senge alikuwa amekwisha kusema jambo linalokaribiana na hilo: nguvu hutoka katika mvutano baina ya unachokitaka na hali ilivyo, kama kamba ya mpira iliyovutwa kwa mikono miwili. Kijitabu kimechukua mkono mmoja tu. Nimehesabu maswali yake yote, ni 54. Yanayohusu unachotaka ni 41. Linalouliza hali ya tawi lako leo, nani anaumia na kwa sababu gani, halipo.

Hapa ndipo ninapokuwa na ugomvi wa kweli, kwa sababu historia ya vyama hivi vyenyewe, hasa vile vya Wamarekani weusi, ina mafundisho bora kuliko Covey, na kijitabu kimeipa ukurasa mmoja wenye picha. Delta Sigma Theta ilianzishwa Januari 1913 katika Chuo Kikuu cha Howard na wanachuo 22, na Machi 3 ya mwaka huo huo, hata miezi miwili haijatimia, walikuwa barabarani mjini Washington katika maandamano ya kudai kura kwa wanawake. Sigma Gamma Rho ilianzishwa mwaka 1922 mjini Indianapolis na walimu wa shule saba, jambo ambalo limenifurahisha kwa sababu zisizohitaji maelezo.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Alpha Kappa Alpha, chama kilichoanzishwa Howard mwaka 1908. Mwaka 1934 kiongozi wake alikuwa Ida Louise Jackson, mwalimu wa Oakland, California, aliyezaliwa Mississippi. Maono yake yalikuwa ya mwalimu kabisa: chuo cha majira ya kiangazi kwa walimu weusi wa vijijini huko Mississippi. Wakaenda. Walipofika waliona jambo ambalo lisingeweza kuonekana kutoka kambi yoyote ya kando ya ziwa: kwamba watu ni wagonjwa, na mtoto mwenye homa na tumbo tupu hafundishiki hata mwalimu wake awe hodari namna gani. Wakayabadili maono yao. Kuanzia mwaka 1935 mradi ukawa wa afya, chini ya daktari Dorothy Ferebee wa Washington. Walisafiri kwa magari yao wenyewe, maana treni za Kusini zilimbagua mtu mweusi. Wenye mashamba ya pamba hawakupenda wafanyakazi wao waondoke kwenda kliniki, basi wale wanawake wakaibeba kliniki ndani ya magari wakaipeleka mashambani. Wakachanja watoto dhidi ya ndui na dondakoo, wakafundisha mama lishe. Wakarudi kiangazi baada ya kiangazi, hadi mwaka 1942, wakati wa vita.

Itazame kazi hiyo kwa makini. Palikuwa na wazo la kwanza, nalo lilikuwa zuri. Pakawa na kwenda kuona. Pakawa na kuliacha lile wazo zuri kwa sababu macho yameonyesha lingine. Kisha likaja lori, au tuseme gari dogo, lililojaa sindano. Ni wapi katika ukurasa wa 29 palipo na nafasi ya kuliacha wazo la kwanza? Kijitabu kinamhimiza mwandishi ayashike maono yake, ayabandike juu ya kioo, ayarudie kila asubuhi. Ida Jackson angeyashika hivyo, walimu wangepata vyeti na watoto wangeendelea kutetemeka kwa homa.

Sasa nije kwenye insha ya mwanafunzi wangu. Mjukuu wangu alikuwa ameandika hivi, na ninaitoa kwa ruhusa yake: "Kuwa mwanamke kiongozi anayewatia wengine moyo, anayeleta mabadiliko, na anayejenga udugu usio na mipaka." Mistari mitatu, sarufi safi. Nikamwuliza, "Mabadiliko kutoka wapi kwenda wapi?" Akanyamaza. Nikamwuliza tena, "Mlezi wa wanachama wapya hufanya nini hasa, mama?" Hapo akaanza kuzungumza, na alizungumza hadi taa ya kibarazani ikaanza kukusanya wadudu.

Kumbe katika tawi lake, kama katika mengi, wanachama wapya hupitishwa katika jambo ambalo halimo ndani ya katiba. Huitwa usiku. Hutumwa huku na huko. Husimamishwa saa nyingi wakikariri majina na kukaripiwa wakikosea, huzuiwa kulala, na wakati mwingine hulazimishwa kunywa. Yeye mwenyewe alipitia. Vyama vyote vinakataza mambo hayo kwa maandishi. Vyama vikuu vya Wamarekani weusi vilitangaza mwaka 1990 kuufuta ule utaratibu wa zamani wa kuwaweka wapya majaribioni, majimbo mengi yana sheria, na Desemba 2024 ilitiwa sahihi sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo kutangaza matukio hayo hadharani. Wanachuo wamekufa kwa mambo haya, wa vyama vya kiume na vya kike. Na bado yapo, kwa kuwa yanafanyika usiku na hufanywa na watu wanaopendana. Tena usidhani ni ya Wamarekani peke yao. Yeyote aliyelala bwenini kwetu anajua maana ya kuitwa njuka. Katika shule moja niliyofundisha nilikuta watoto wa kidato cha kwanza wakifua nguo za bweni zima saa nane za usiku, na kaka mkuu aliponijibu alinijibu kwa neno lile lile alilonitajia mjukuu wangu kwa Kiingereza: na sisi tulifanyiwa.

Basi huyu ndiye msichana aliyepelekwa msituni siku mbili, akakata picha za ndege na bahari, akajiona jenezani akisifiwa, akarudi na mistari mitatu juu ya udugu usio na mipaka. Jambo moja ambalo yeye tu, katika tawi zima, alikuwa na mamlaka ya kulizuia, halikutajwa siku zote mbili. Sisemi waandaaji walikusudia kulificha. Nasema maswali 41 ya unachotaka hayawezi kulifikia, na swali moja la nani anaumia lingelifikia kabla ya chai ya saa nne.

Nilimwomba aandike upya, na nikampa masharti mawili: jina la kila tendo lionekane, na neno hapana litokee angalau mara moja. Alichukua wiki moja. Nilidhani amekasirika. Kisha akaniletea karatasi, si ukurasa wa 29 tena, maana mistari minne haikutosha. Alikuwa ameandika kwamba katika mwaka wake hakuna mwanachama mpya atakayeitwa na mtu yeyote baada ya saa nne usiku. Kwamba kila mpya atapewa namba ya simu yake na ya ofisi ya chuo inayoshughulikia mambo hayo, siku ya kwanza, mbele ya wote. Kwamba atakayevunja atatajwa kwa ofisi hiyo hata kama ni rafiki yake wa chumbani. Na kwamba atajitahidi kuandaa jioni za kujifunza pamoja mahali pa zile za kusimama.

Kama insha, iko mbali na ya kwanza kwa urembo. Haina hata sitiari moja. Haiwezi kubandikwa juu ya kioo bila kumwogofya anayechana nywele. Lakini inaweza kupimwa: mwaka ukiisha mtu yeyote atajua kama ilitimizwa au haikutimizwa. Na ina gharama. Mjukuu wangu anaishi katika nyumba ya chama. Wenzake ndio wanaopika naye, ndio wanaompeleka hospitalini kwenye mazoezi ya kazi kwa magari yao, ndio waliomchangia nauli babu yake wa upande wa pili alipofariki. Akiwaudhi katikati ya mwaka, kilicho hatarini ni kitanda na usafiri, mbali na upweke wa ugenini ambao hauandikiki. Alilijua hilo kuliko mimi, naye akaiandika.

Nilimpa alama 8 kwa 10. Alama mbili nilizikata kwenye sentensi ya mwisho, kwa ajili ya neno "nitajitahidi", ambalo nimelikata katika insha za walimu wanafunzi tangu miaka ya sabini, kwa kuwa ni mlango wa nyuma. Alirudi chuoni mwezi Agosti. Wiki ya tatu ya Septemba, usiku wa kuamkia mkutano ambao alipaswa kuisoma karatasi ile mbele ya tawi zima, alinitumia ujumbe kwa simu: "Shikamoo Babu. Nimelifuta nitajitahidi. Sasa naogopa kweli." Nikamwandikia kwamba woga haukatwi alama, na kwamba asome polepole, asimame wima, na asimtazame rafiki yake wa chumbani mpaka amalize sentensi ya tatu.